Shajara ya mradi: kadi za kukagua ngozi, nywele na kucha, Kisauni

Januari, kaskazi imepamba moto

Kazi imeanza. Tunatengeneza kadi za kubeba mkobani, ukubwa wa daftari dogo, za wahudumu wa afya ya jamii wa hapa Kisauni, Mombasa, wanapokagua ngozi, nywele na kucha za watu majumbani. Tuko wauguzi wawili wa zahanati, afisa mmoja wa lishe, na wahudumu wenyewe, ambao ndio wenye mradi hata kama barua za ofisini zitabeba majina yetu.

Tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipowazindua wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima na kuwapa mikoba, kila mmoja ana kaya kama 100 za kupitia. Mkobani mna mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani na tepi ya kupima mkono wa mtoto. Ngozi haina mashine. Ni jicho na mkono, na hilo jicho limefunzwa kwa maandishi ambayo mgonjwa wake ni Mzungu: ngozi ikipata moto "inakuwa nyekundu", hewa ikipungua midomo "inakuwa ya samawati", damu ikipungua mtu "anakuwa mweupe". Kwenye mafunzo ya mwaka jana mama mmoja wa Mshomoroni alinyoosha mkono akauliza, "Sista, mimi mpaka nionekane mweupe si nitakuwa nishazikwa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkufunzi alicheka pia, kisha akaendelea na ukurasa uliofuata, swali likabaki palepale.

Basi tumelianzia hapo.

Januari, mwishoni

Tumeafikiana jambo moja litakalotawala kadi zote: kila kadi itaanza na mahali pa kutazama, rangi ifuate baadaye. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, inaufunika wekundu wa damu, kwa hiyo dalili ile ile inabidi uitafute penye melanini kidogo: utando wa ndani wa kope la chini, ulimi, ufizi, ndani ya midomo, viganja, nyayo, na nyama iliyo chini ya ukucha. Mtu wa maji ya kunde akipungukiwa damu huelekea rangi ya manjano iliyofifia. Aliye mweusi zaidi huwa kama amepakwa jivu. Ndugu zake watakwambia "amepauka" au "amekosa nuru", na wahudumu wanasema neno hilo la jamaa ni la kuandikwa kwenye fomu, kwa sababu wao ndio wanaomwona kila siku. Mimi naunga mkono. Hakuna kipimo cha rangi kinachoshinda mama anayesema "huyu sivyo alivyo".

Kwenye manjano ya macho tulikaa sana. Wazee wengi wa Pwani, hasa wavuvi na wachuuzi wanaoshinda juani, weupe wa macho yao una umanjano au ukahawia wa kawaida pembeni. Ukimtazama haraka utamwandikia ini bure. Kadi inasema: tazama mpaka karibu na mboni. Kama umanjano umefika hadi ukingoni mwa kile kiduara cheusi, na kaakaa nalo limegeuka ukilimulika, hapo mpeleke. Kama umebaki pembeni tu na kinywa ni safi, muulize mkojo una rangi gani na uendelee.

Februari

Mwanga. Sikutarajia ungetula muda wote huu.

Nyumba nyingi za Kiswahili zina ukumbi mrefu wa katikati na vyumba ubavuni, na chumba cha mgonjwa ndicho chenye giza kuliko vyote, pazia limeshushwa, taa ni ile ya kuokoa umeme. Chini ya taa hiyo kila mtu ana rangi ya mgonjwa. Tochi ya simu nayo inatoa mwanga mkali wenye ubaridi, unaofaa kinywani na kwenye vivuli vya uvimbe, lakini unaharibu rangi. Kwa hiyo kadi ya kwanza kabisa haina dalili hata moja. Ina mchoro wa nyumba na maelekezo: anayeweza kutembea mtoe uani au mlangoni, asiyeweza fungua dirisha. Mwenzangu alidhani ni kupoteza kadi nzima. Wahudumu walisema ndiyo watakayoitumia zaidi, na wao ndio wanaoingia majumbani.

Stara vilevile imepata nafasi yake hapo hapo. Mwanamke anakaguliwa na mwanamke, leso juu ya mwili, unafunua sehemu moja, unamaliza, unafunika, unahamia nyingine. Mhudumu wa kiume haulizi kuvua buibui, anaita mwenzake.

Februari, wiki ya mwisho

Kadi za mkono. Hizi ndizo ninazozipenda, kwa kuwa kiganja cha mhudumu hakibagui rangi ya ngozi.

Joto: mgongo wa mkono, si kiganja, na daima pande mbili kwa kulinganisha, goti la kulia na la kushoto, mguu huu na ule. Ngozi nyeusi iliyovimba kwa maambukizi huenda isionekane nyekundu hata kidogo. Huwa imeiva zaidi, zambarau au nyeusi ya kung'aa, ya moto, ngumu, na mwenyewe anaruka ukigusa.

Upungufu wa maji kwa mtoto anayeharisha: finya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, shikilia kidogo, achia. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, ni hatari. Kwa mzee usifinye mkono, maana ngozi yake imelegea kwa umri. Finya chini ya mtulinga. Afisa wa lishe akaongeza la kwake: mtoto aliyekonda sana ngozi yake inarudi polepole hata akiwa na maji ya kutosha, na mtoto mnene ngozi inaweza kurudi haraka ilhali amekauka. Kwa hiyo usisimame kwenye finyo peke yake. Tazama macho kama yamezama, na mpe maji uone anavyoyanywa.

Uvimbe: dole gumba juu ya mguu, upande wa mgongo wa wayo, bonyeza kwa sekunde chache, ondoa. Shimo likibaki miguu yote miwili kwa mtoto mdogo, hata kama tepi ya mkono inasoma vizuri, huyo ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo.

Halafu wagonjwa wa kiharusi wanaolala kitandani miezi. Vidonda vya kulalia vinaanza kabla ngozi haijachubuka, na vitabu vinasema utafute wekundu usiotoweka ukibonyeza. Kwa mzee mweusi utangoja wekundu huo mpaka nyama ioze. Kadi yetu inamtaka mhudumu apapase: mwisho wa mgongo, nyonga, visigino, visukusuku, na nyuma ya kichwa. Anatafuta mahali penye joto au baridi tofauti na pembeni yake, pagumu au palipolainika kupita kiasi. Tulijaribu kwenye nyumba moja ya Bombolulu. Binti anayemuuguza babake alisema kisigino ni kizima, na kwa macho kilikuwa kizima kweli. Mhudumu alipokishika akasema, "Hapa pamelainika, dada, kama embe lililoanza kuiva sana. Na hapa pembeni pagumu." Mzee hakusema kitu, lakini alivuta mguu. Waliweka mto chini ya muundi, kisigino kikabaki hewani, na binti akaonyeshwa namna ya kumgeuza.

Machi

Mwezi wa Ramadhani, tumepunguza ziara za mchana. Tunachora.

Aprili, baada ya Idi

Hili la hina tulilijua, ila Idi imelileta lote kwa pamoja. Kisauni nzima ina mikono iliyopambwa. Hina nyekundu viganjani, piko nyeusi kwenye kucha na ncha za vidole, na wasichana wadogo nao wamepakwa, mpaka watoto wa mwaka mmoja. Mwongozo wa kumkagua mtoto mgonjwa unataka ulinganishe kiganja chake na chako uone kama kimepauka. Kiganja chenye hina kitakudanganya waziwazi, na kina mama wengi hupaka na nyayo.

Tulikaa barazani na mama mmoja anayepaka hina, mwenye jina kubwa mtaani kwa mikono ya maharusi, tukamuuliza yeye. Alitushangaza kwa alivyozijua kucha. Alisema piko hufutika kwenye kiganja kwa wiki lakini kwenye ukucha haifutiki, ukucha ndio unaoisukuma. "Mimi nikimshika mtu mkono najua alipakwa lini. Tazama hapa chini palipoota peupe." Ukucha wa mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi. Ukiona nafasi safi ya milimita 3 kati ya nyama na ukingo wa hina, hina ina mwezi. Ni rula ambayo mgonjwa anatembea nayo, na tumeitumia kwa jambo jingine kabisa: ile mitaro ya kukingama inayotokea kwenye kucha zote baada ya ugonjwa mkali. Mtaro ulio milimita 6 kutoka kwenye shina unakupeleka nyuma miezi 2. Mwanamke mmoja wa Mtopanga alikuwa nayo kwenye vidole vyote, ukingo wa hina ukiwa kati ya mtaro na shina. Alipoulizwa kama aliugua kabla ya kupakwa hina alishtuka: kweli, malaria kali, alilazwa.

Kwa hiyo kadi ya kucha imegawika pande mbili. Upande mmoja ni mambo ambayo hina haiwezi kuyaficha, yaani umbo. Ukucha uliobonyea katikati mpaka tone la maji linaweza kutulia juu yake, huenda ni upungufu wa madini ya chuma. Ncha za vidole zilizonenepa na kucha zilizojikunja juu yake, huenda ni mapafu au moyo wa siku nyingi. Hili lina jaribio rahisi aliloeleza daktari wa moyo wa Afrika Kusini, Leo Schamroth, mwaka 1976, baada ya kuziangalia kucha zake mwenyewe zikibadilika alipokuwa mgonjwa: kutanisha kucha za vidole viwili vinavyofanana, mgongo kwa mgongo, utazame mwanga. Penye afya kunabaki kidirisha cha umbo la almasi. Pasipo na kidirisha, pana jambo. Piko au hapana, dirisha lipo au halipo.

Upande wa pili ni mambo ambayo hina inayaficha, na hapo tunahamisha macho: kope la ndani, ulimi, ufizi. Muda wa damu kurudi ukibonyeza ukucha, ambao usizidi sekunde 2, tunautafuta kwenye nyama ya kidole cha mguu ambacho hakikupakwa. Mashine ya oksijeni ya kidoleni vilevile: kucha za piko, za rangi au za kubandika zinaweza kuvuruga mwanga wake, chagua kidole kitupu. Na hata kwenye kidole kitupu, wino mwekundu kwenye kadi unamkumbusha mhudumu kwamba mashine hiyo huwasifia watu weusi hewa wasiyokuwa nayo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulitazama wagonjwa ambao mashine iliwasomea oksijeni ya asilimia 92 hadi 96. Damu ya mshipani ilipopimwa, karibu asilimia 12 ya Waamerika Weusi walikuwa chini ya 88. Kwa Wazungu ilikuwa kama asilimia 4. Mtu akihema kwa shida na mashine ikasema 94, mwamini mtu.

Piko ina shari yake pia. Nyingine huchanganywa na rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD, na anayeidhuriwa hutoka malengelenge yanayofuata maua yenyewe, jani kwa jani. Mpakaji wetu wa hina alisema bibi harusi mmoja aliingia ukumbini na glavu za hariri kwa sababu hiyo. Kadi inasema aulize, na aliyewahi kutoka malengelenge asirudie, wala asipake rangi nyeusi ya nywele.

Aprili, bado kucha

Michirizi myeusi ya wima kwenye kucha imewatia wahudumu hofu tangu mmoja asome habari zake kwenye simu. Watu weusi wengi huwa nayo, vidole kadhaa, miaka na miaka, bila neno. Tunayoitafuta ni ule mmoja mpya, kidole kimoja, unaopanuka, ukingo haueleweki, weusi umevuka kwenye ngozi ya shina la ukucha. Mifano ya kuelezea jambo hili haikosi Mombasa, maana sura ya Bob Marley iko kwenye matatu hazihesabiki. Saratani iliyomuua mwaka 1981, akiwa na miaka 36, ilianzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Wahudumu hawatasahau hilo hata kadi ikipotea.

Mei, mvua

Nywele. Afisa wa lishe ndiye mwenye zamu.

Mtoto mwenye utapiamlo hupata nywele nyembamba, za rangi ya shaba, zinazong'oka bila yeye kulia. Lakini huku tuna watoto wanaoshinda baharini Bamburi na Nyali, chumvi na jua vimewageuza nywele kuwa kahawia, nao wana afya kuliko sisi. Kadi inataka mambo matatu pamoja: shina la nywele (siyo ncha zilizopigwa na jua), miguu (kama inabonyea), na hali ya mtoto (kama anacheza au amenuna). Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mkanda uliofifia katikati ya unywele ni miezi ya njaa iliyopita, na mara nyingi mama anaikumbuka.

Mapunye tumeyapitia haraka, kila mtu anayajua: duara, magamba, nywele zimekatikia karibu na ngozi. La kukazia ni kwamba mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi kichwani. Fangasi wameingia ndani ya unywele, dawa ni ya kumeza, na chanuo na mashine ya kinyozi havishirikiwi.

Kwa kina mama, tatizo kubwa ni nywele za kando ya paji. Misuko ya kuvutwa, rasta nzito, wigi ya gundi. Vipele vidogo kwenye mistari ya msuko na kichwa kuuma usiku ni onyo. Ukilegeza mapema nywele hurudi, ukiendelea miaka shina hufa na mahali hapo hubaki laini kama kiganja. Wahudumu wakapendekeza tuwashirikishe wasusi wa saluni za Kongowea, kwa kuwa wao wanaona vichwa vingi kuliko zahanati. Hilo ni mradi mwingine, nimeliandika pembeni.

Mei, mwishoni

Madoa. Kadi hii imebishaniwa kuliko zote. Doa lililofifia kifuani na shingoni wakati wa joto mara nyingi ni mba tu. Doa jeupe kabisa, lenye mpaka, ni barasi (vitiligo), haliambukizi, na mwenye nalo ameshachoka kuulizwa. Lakini doa lililofifia lisilowasha na lisilohisi ni jambo jingine, huenda ni ukoma. Unamwonyesha mtu unyuzi wa pamba, unamgusa penye ngozi nzima ili ajue, kisha anafumba macho na kuonyesha kwa kidole kila anapoguswa. Asipoonyesha doa, mpeleke. Ukoma unatibika, dawa ni bure, miezi 6 au 12. Tuliweka sentensi hiyo juu kabisa ya kadi, kabla ya mchoro, kwa sababu familia zikisikia jina hilo huacha kusikia lolote linalofuata.

Vipele viganjani na nyayoni navyo vimepata mstari wao, tangu mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele, ilipothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, Taveta, Julai 2024. Tetekuwanga hupendelea kifua na mgongo, na kwa kawaida haifiki viganjani. Kaswende hufika. Kadi haimtaki mhudumu aamue ni ipi. Inamtaka asiguse bila glavu na apige simu.

Mkorogo. Hatuulizi "unajichubua?" maana jibu ni hapana, hata sabuni ikiwa dirishani. Tunatazama vifundo vya vidole, masikio na visukusuku vilivyobaki vyeusi kuliko vingine, ngozi ya uso iliyokuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, weusi wa kibuluu mashavuni. Kisha tunauliza, "Unapaka nini asubuhi?" na tunaomba kukiona. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya mikorogo huingia kwenye figo, kwa hiyo tunatazama na vifundo vya miguu kama vimevimba.

Juni, kusi

Picha. Tulipiga za kutosha kwa ridhaa ya maandishi, sura hazionekani, za watoto kwa sahihi ya mzazi, maana sheria ya 2019 ya ulinzi wa data inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Tukazipeleka kwa mchapishaji mmoja mjini. Zikarudi nyeusi tititi, zambarau na kahawia vyote vimekuwa masizi, na yeye akashikilia kuwa hivyo ndivyo zilivyo. Tukaziweka juani kando ya simu iliyokuwa na picha yenyewe. Akachapisha upya, afadhali kidogo, ila bado dalili za rangi hazionekani.

Uamuzi: picha za rangi zibaki kwa vitu vyenye umbo tu, kama malengelenge, magamba na mitaro ya kucha. Zilizobaki zinakuwa michoro ya mistari yenye mshale wa mahali pa kutazama na mchoro wa mkono mahali pa kugusa. Gharama imeshuka pia, na fotokopi yoyote ya mtaani inaweza kuzitoa tena.

Kadi ziko mikononi mwa wahudumu wa Kisauni sasa, zimetiwa nailoni, zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa kamba ya kiatu, ubunifu wao. Wenzetu wa Likoni wameomba nakala na wameleta sharti: wana wagonjwa wengi wa kisukari, wanataka kadi ya miguu peke yake, katikati ya vidole, wayo, na ndani ya kiatu. Rasimu yake naifanya mimi. Alhamisi navuka ferry kuwaonyesha.